Shimo la barabarani limenivunjia rimu: nimdai nani, na kwa ushahidi gani?

Barua ya msomaji

Washauri, salaam.

Siku 12 zilizopita, kama saa mbili kasorobo usiku, nilikuwa kwenye barabara ya lami, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mvua ikinyesha. Gurudumu la mbele kushoto likatumbukia kwenye shimo karibu na ukingo wa lami. Lilikuwa limejaa maji, na kwa mbali ungedhani ni dimbwi tu. Tairi likapasuka palepale. Nikafunga tairi la akiba, nikafika nyumbani usukani ukivutia kushoto.

Kesho yake fundi akakuta rimu ina ufa na mkono wa chini wa gurudumu, yaani chuma kinacholiunganisha na gari, umepinda. Nimeshanunua tairi na rimu. Vile vibovu bado viko gereji. Mkono wa chini sijaubadilisha, na gari naendelea kulitumia.

Siku ya tatu nilirudi nikapiga picha mbili za shimo kwa simu. Siku ya tano nikaenda ofisi ya barabara. Ofisa alinijibu kwa mdomo kwamba shimo lile halikuwahi kuripotiwa, hivyo hawana kosa, na kwamba kipande kile huenda hata si chao. Nina bima kubwa lakini sijawaarifu. Je, niendelee na madai au niyaache?

Dereva mwenye hasara

Jibu

Ndugu msomaji, pole sana. Usiyaache. Majibu yote mawili ya ofisa yule yanajibika. Kujibiwa kwa mdomo si kukataliwa. Ni kwamba madai yako bado hayajapokelewa.

Elewa kwanza mahali kesi yako ilipo. Madereva wengi hutumia nguvu zote kuthibitisha kwamba shimo lilikuwepo na kwamba gari limeharibika. Hayo mara nyingi hata hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama mwenye barabara alijua, au alipaswa kujua, na akakaa muda gani bila kufanya kitu. Jibu la swali hilo limo kwenye daftari lao la ukaguzi, na kazi yako kubwa ni kulifanya daftari hilo litoke kabatini.

Ila kuna vitu viwili haviwezi kusubiri.

Cha kwanza ni ule mkono wa chini. Acha kuliendesha gari hadi ubadilishwe. Usukani unaovutia upande mmoja maana yake pembe za magurudumu zimehama, na mkono uliokwisha kupinda unaweza kuachia. Hiyo ni hatari kwako na kwa wengine. Pia una wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke. Tairi jipya likilika upande mmoja ndani ya wiki chache kwa sababu uliendelea kuzunguka na gari lililopinda, hiyo ni hasara yako wewe. Kabla fundi hajaufungua, mwombe apime alaimenti, yaani pembe za magurudumu, na akupe karatasi ya vipimo iliyochapishwa. Kushoto kukiwa nje ya kiwango na kulia kukiwa sawa, una ushahidi mzuri kwamba ni kipigo cha upande mmoja, si uchakavu. Akishabadilisha, apime tena. Hifadhi karatasi zote mbili.

Cha pili ni tairi na rimu vilivyoko gereji. Piga simu leo visije vikauzwa kama chakavu. Vichukue vyote, na mkono uliopinda utakapotolewa uchukue pia, uvifungie karatasi yenye tarehe na namba ya gari. Atakayesoma madai yako anaweza kuomba kuviona, na ukivikosa neno lake litakuwa na nguvu kuliko lako.

Tairi lenyewe husema. Linapotumbukia, hubanwa kati ya mdomo wa rimu na ukingo wa lami, kama kidole kwenye mlango. Ndiyo maana jeraha la shimo mara nyingi huwa mikato miwili inayotazamana ubavuni, au mkato mmoja wenye nyuzi zilizokatika ndani yake. Wakati mwingine halipasuki hapo hapo. Nyuzi hukatika kwa ndani na baada ya saa au siku kadhaa ubavu hutoa nundu. Tairi lililotembezwa bila upepo lina sura nyingine: msuguano unaozunguka ubavu mzima, na unga wa mpira ndani. Tairi lililozeeka lina nyufa nyembamba zilizosambaa. Piga picha mkato kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Piga na zile tarakimu 4 za mwisho wa alama inayoanza na herufi DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Halafu pima kina cha kashata, yaani michirizi ya tairi inayokanyaga barabara, katika sehemu tatu. Katika nchi nyingi kiwango cha chini kisheria ni milimita 1.6, na tairi lililo chini ya hapo linampa mdaiwa silaha ya bure.

Kwenye rimu tafuta ufa kwenye mdomo wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, kwa kuwa huko hauonekani mpaka gurudumu litolewe. Kama ni ya aloi, mpasuko mpya hung'aa kama chuma kilichokatwa leo. Wa zamani umefifia na umejaa vumbi la breki. Usiioshe.

Fundi akuandikie ripoti ya ukurasa mmoja yenye jina lake na la gereji, tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, alichokikuta na sababu kwa maoni yake. Asiandike tu "imeharibika, ibadilishwe". Aandike kwamba uharibifu unalingana na kipigo kimoja kikali kutoka mbele na chini upande wa kushoto, na ataje hali ya upande wa kulia kwa kulinganisha. Kama kulikuwa na bushi (mpira wa kiungio) iliyochoka tangu zamani, aiseme na aiweke nje ya madai. Ripoti inayokiri uchakavu wa kweli huaminiwa kuliko inayolaumu shimo kwa kila kitu.

Sasa shimo. Picha mbili hazitoshi. Rudi mchana na mtu wa kukuangalia magari, mkiwa na fimbo iliyonyooka, rula au utepe wa kupimia, na mavazi yanayoonekana. Barabara ikiwa na magari mengi ya kasi, usiingie katikati. Piga ukiwa pembeni, ukadirie ukubwa kwa kulinganisha na mistari ya barabara. Hakuna fidia inayolingana na kugongwa.

Kina hakipimwi kwa macho. Laza fimbo juu ya shimo kutoka lami nzima hadi lami nzima, kisha shusha rula kutoka kwenye fimbo hadi chini. Pima mahali patatu, piga picha kila kipimo namba zikisomeka. Pima pia urefu kwa mwelekeo wa magari na upana. Likiwa na maji, piga picha likiwa hivyo kwanza, maana hiyo ndiyo sura uliyoiona usiku ule, halafu pima kwa fimbo. Kisha rudi nyuma kama hatua 30 na upige picha inayoonyesha shimo pamoja na kitu kisichohama: nguzo yenye namba, daraja, bango la kilomita, kona. Piga na upande magari yanakotoka, kuonyesha kwamba hapakuwa na alama ya tahadhari wala taa. Hifadhi alama ya mahali kutoka kwenye ramani ya simu.

Angalia pia dalili za umri, kwani umri wa shimo ndio moyo wa madai. Kingo zilizolainika na kuviringika, kokoto zilizotawanyika mbali, nyasi, mabaki ya kiraka cha zamani, au lami iliyoliwa tabaka baada ya tabaka: shimo la namna hiyo halikuzaliwa jana. Waulize wanaoishi au kufanya kazi karibu; mmoja akikubali kuandika mistari mitatu kwamba limekuwepo tangu mwezi fulani, na akasaini, umepata kitu kikubwa. Tazama na Google Street View: picha zake huonyesha mwezi na mwaka zilipopigwa, na shimo au kiraka kinachobomoka kikionekana humo, chukua nakala yenye tarehe.

Ukikuta limezibwa, usikate tamaa. Kuziba baada ya ajali hakuthibitishi uzembe, lakini kunathibitisha mahali na kunakuambia nani anaitunza barabara. Piga picha kiraka kipya, uliza nani alileta gari la lami na siku gani. Picha zako mbili za siku ya tatu ndipo zinapopanda thamani: tuma faili halisi, si nakala iliyopitia programu ya ujumbe, kwa sababu mara nyingi programu hizo hufuta tarehe na mahali vilivyomo ndani ya picha.

Tuje kwa "huenda si chao". Barabara kuu inaweza kuwa ya wakala wa taifa, ya mtaa ikawa ya halmashauri, ya kulipia ikawa ya kampuni iliyopewa kuiendesha, na ya ndani ya makazi au maegesho ikawa ya mwenye eneo. Kipande kilicho katika ujenzi, au kilichokabidhiwa lakini bado kiko ndani ya kipindi cha uangalizi wa kasoro, kinaweza kuwa mzigo wa mkandarasi. Angalia umbo la shimo. Likiwa na kingo zilizonyooka kama mstatili au likifuata mstari unaokatiza barabara, huenda ni mtaro wa bomba au kebo uliofukiwa vibaya, na aliyechimba ana la kujibu. Usingoje kujua kwa hakika. Waandikie wote unaowashuku, barua ileile, ukiomba kila mmoja athibitishe kwa maandishi kama kipande kile ni chake na, kama si chake, ni cha nani.

Na "halikuripotiwa"? Uzito wa hoja hiyo hutegemea sheria ya mahali. Katika jiji la New York ina nguvu sana: isipokuwa katika hali chache, jiji haliwajibiki kama halikuwa limepewa taarifa ya maandishi kuhusu kasoro ile na siku 15 za kuishughulikia. Kwa England na Wales mambo ni tofauti. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 kinampa mwenye barabara kinga akithibitisha kwamba alichukua uangalifu unaostahili, na mahakama hutazama aina ya barabara, wingi wa magari, na kama alijua au angetarajiwa kujua. Huko kusema tu "hatukuambiwa" hakutoshi. Lazima aonyeshe kwamba alikuwa na mpango wa kukagua na kwamba aliufuata. Nchi nyingi ziko mahali fulani kati ya misimamo hiyo miwili, kwa hiyo soma sheria ya kwako kuhusu uzembe na kuhusu kuishtaki serikali, au muulize wakili kwa kikao kimoja.

Vyovyote iwavyo, omba kumbukumbu. Mahali penye sheria ya haki ya kupata taarifa, itaje kwa jina. Omba haya tu, kwa kipande kile na kwa miezi 12 kabla ya tukio: ratiba ya ukaguzi, yaani barabara ile hukaguliwa kila baada ya muda gani, tarehe na fomu za kaguzi zilizofanyika kweli, malalamiko yote yaliyopokelewa, amri za matengenezo na tarehe zilipotekelezwa, na kiwango chao cha kuchukua hatua, yaani shimo likifika kina gani linapaswa kuzibwa, na ndani ya siku ngapi. Hicho cha mwisho husahaulika, nacho ni muhimu. Halmashauri nyingi za Uingereza, kwa mfano, huanzia kina cha milimita 40 kwenye njia ya magari. Kama mwenye barabara wa kwenu ana kiwango chake na vipimo vyako vimekipita, huna haja ya kubishana kwa maneno. Vilevile, ratiba ikisema kila mwezi na fomu ya mwisho ni ya miezi saba iliyopita, umeshapata jibu la swali la uzembe.

Kabla ya hayo yote, tafuta ukomo wa muda. Mara nyingi kudai taasisi ya umma kuna notisi yake maalumu, fupi kuliko muda wa kawaida wa kufungua kesi. New York notisi ya madai hutakiwa ndani ya siku 90, wakati England hasara ya mali ina miaka 6. Ukichelewa notisi, ushahidi wote huu unaweza kuwa karatasi tupu. Siku 12 si nyingi. Tuma barua wiki hii hata kama makadirio ya fundi hayajakamilika, na useme kiasi kamili kitafuata.

Barua iwe fupi na kavu. Hii inatosha, ukijaza nafasi:

"Yah: Madai ya fidia ya uharibifu wa gari namba … uliotokea tarehe …

Tarehe tajwa, saa 1:45 usiku, nikiendesha kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara ya …, mita … kutoka …, upande wa kuelekea …, gurudumu la mbele kushoto liliingia kwenye shimo lenye urefu wa sentimita …, upana wa sentimita … na kina cha milimita … Lilikuwa limejaa maji na hapakuwa na alama ya tahadhari.

Gari liliharibika tairi, rimu na mkono wa chini wa gurudumu, kama inavyoonyeshwa kwenye ripoti ya fundi. Vipuri vilivyoharibika nimevihifadhi na mnaweza kuvikagua.

Nadai gharama zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho. Naomba pia kumbukumbu za ukaguzi na matengenezo zilizoorodheshwa humo. Kama barabara hii haiko chini yenu, naomba mnijulishe kwa maandishi iko chini ya nani. Naomba majibu ndani ya siku 28."

Usiandike "nadhani nilikuwa kasi kidogo" wala usipunguze mwendo uliokuwa nao. Kasi ikizidi kiwango, fidia inaweza kukatwa kwa sehemu ya kosa lako. Uongo ukigunduliwa, madai yote huanguka. Ambatisha nakala za picha, ripoti, risiti, karatasi za alaimenti, kadi ya gari na leseni. Peleka kwa mkono upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au kwa rejista.

Kuhusu kiasi, dai ulichopoteza, si gari jipya. Tairi ndilo huleta ugomvi. Chukua tairi lililoanza na kashata ya milimita 8, kikomo kikiwa 1.6: sehemu inayotumika ni milimita 6.4. Likiwa limebaki na 4.8 siku ya tukio, ulikuwa umebakiwa na 3.2 za kutumia, yaani nusu. Wakikulipa nusu ya bei ya tairi jipya, hiyo ni haki. Wakikata nusu kwenye rimu au kwenye ufundi, kataa, kwa sababu rimu hailiki kwa kutembea na saa za fundi hazina uchakavu. Ongeza alaimenti, gharama ya kuvuta gari kama ilikuwepo, na usafiri wa siku gari likiwa gereji, kila kimoja na risiti yake. Tairi la pili la upande wa kulia kwa kawaida halilipwi, ila fundi akieleza kwa maandishi kwa nini gari lako haliwezi kufungwa tairi zenye tofauti ile, kama ilivyo kwa baadhi ya magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne.

Bima waarifu leo, hata kama hutadai kwao, maana mikataba mingi huweka muda wa kutoa taarifa. Kisha piga hesabu: gharama ya matengenezo ukitoa kiasi ambacho mkataba unakutaka ulipe mwenyewe, ukitoa tena punguzo la ada ya bima wanalopewa wasiodai, utakalopoteza mwaka ujao. Kikibaki kidogo, dai mwenye barabara peke yake. Kikibaki kingi, bima ilipe, nao watakuwa na haki ya kumfuata mwenye barabara. Wewe utabaki kumdai kile kiasi chako cha kujilipia. Hasara moja usilipwe mara mbili.

Jibu la kwanza litakalokuja huenda likawa la kukataa, barua ya kawaida inayosema barabara hukaguliwa mara kwa mara. Usijibu kwa hasira. Jibu kwa swali moja: ukaguzi wa mwisho kabla ya tukio ulifanyika tarehe gani, na fomu yake iko wapi? Wakinyamaza au wakitoa fomu isiyo na kipande chako, nenda kwenye ngazi ya malalamiko ya taasisi, kisha kwa msuluhishi wa malalamiko ya umma kama yupo, kisha mahakama ya madai madogo, ambako mara nyingi unaweza kusimama bila wakili. Linganisha ada na kiasi unachodai kabla ya kufika huko.

Na wakikubali kulipa, watakuletea hati ya kusaini kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho. Usiisaini kabla mkono wa chini haujabadilishwa, alaimenti ya pili haijapimwa, na gari halijatembea kama wiki mbili. Bearingi iliyopigwa huanza kuvuma baadaye, na shokapu iliyopinda ncha huvuja taratibu. Ukishasaini, hivyo ni vyako.